Mkataba wa Mchuma Karafuu

Timu yetu ilipopanda ligi kuu ya Zanzibar, mimi ndiye niliyekuwa katibu wake. Kazi yangu hasa ni ualimu; nasomesha Kiingereza skuli ya sekondari huku kusini ya Pemba, si mbali na Chokocho. Ukatibu nilipewa kwa sababu nina mwandiko mzuri na mke mvumilivu.

Furaha ya kupanda daraja ilidumu wiki moja. Kisha tukakumbuka kwamba nusu ya mechi zitachezwa Unguja, na watu ishirini na tano hawavuki bahari kwa dua peke yake. Wanataka nauli ya boti, pahala pa kulala, chakula na viatu. Ndipo alipotokea mfadhili.

Ni mzaliwa wa huku huku. Alikwenda Bara ujanani akarudi na maduka ya vifaa vya ujenzi, tumbo, na lafudhi mpya. Alizungumza kama mtu aliyesahau Kipemba, mpaka siku alipokanyagwa mguu pale uwanjani; hapo lugha ya mama yake ikamtoka yote.

"Nataka soka la kulipwa," alituambia. "Mambo ya kucheza kwa mhogo na dagaa yamekwisha. Kila mchezaji atasaini mkataba."

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Mikataba aliileta siku chache baadaye, kila mmoja kurasa kumi na moja za Kiingereza. Alikuwa ameinakili kutoka klabu fulani ya Bara, wala hakujisumbua kuisafisha. Ukurasa wa saba bado ulikuwa na jina la timu ile, na pahala pengine wachezaji wetu walikatazwa kuegesha magari yao mbele ya jengo la klabu. Klabu haikuwa na jengo. Wachezaji wenyewe walikuja mazoezini kwa baiskeli.

Nikapewa kazi ya kuwafasiria. Walikusanyika darasani kwangu, na kabla sijaingia, mfadhili akaniita pembeni.

"Mwalimu, kifungu cha tisa kipitie juu juu. Vijana hawa ukiwapa sheria nyingi wanaogopa."

Kifungu cha tisa kilisema kwamba mchezaji ni wa mfadhili kwa miaka mitano. Hawezi kwenda timu nyingine bila ridhaa yake, hata kama mshahara umesita, wala hawezi kufanya kazi yoyote ya hatari kwa mwili wake. Nilikielewa vizuri. Nikakipitia juu juu, yaani sikukisoma kabisa. Ningependa kusema nilitishwa, lakini hakuna aliyenitisha. Nilikuwa nimeshapewa suti ya michezo yenye neno "Katibu" mgongoni, na nimeahidiwa kiti karibu na chake siku za mechi. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei yangu, na haikuwa ghali.

Miongoni mwa waliosaini alikuwemo beki wetu wa kati, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyekuwa akimtunza mama yake kwa kuchuma karafuu. Juu ya mkarafuu alikuwa kama yuko kitandani kwake. Msimu wa karafuu ulipofika, mfadhili akasikia yuko shambani, akampigia simu: ashuke mara moja, mkataba unakataza. Kijana hakujua mkataba unakataza wapi, lakini akashuka. Wenzake wakachuma, na yeye akawa anakimbia mazoezi barabarani, akinusa karafuu za watu zilizoanikwa majamvini.

Tukafungwa mechi sita mfululizo. Mfadhili akaacha kuja uwanjani, kisha mishahara ikasita, kisha simu yake ikawa haipokelewi. Hakuaga. Habari zake tukazisikia kutoka Wete, kwenye harusi za watu, anatunza waimbaji kwa noti.

Hali ikiwa hiyo, timu moja ya Unguja ikamtaka beki wetu. Mfadhili, aliyekuwa hapatikani, akapatikana siku ile ile. Akasema hamwachii mpaka alipwe fidia, na akataja kiasi ambacho watu wa Unguja walikicheka.

Kesho yake, baada ya alasiri, kijana alikuja kwangu na mama yake.

"Karibu ndani, Bi Mkubwa," nilimwambia.

Hakuingia. Alikaa barazani, akaufungua mkataba alioufunga kwenye kanga.

"Mwanangu asema wewe ndiye uliyewasomea nkataba huu."

"Ndimi."

"Wote?"

Kijana aliangalia chini. Aliniona mtu wa heshima, na nadhani alinionea haya.

"Si wote, Bi Mkubwa. Pana pahala nilipaacha."

"Ulisahau?"

"La. Nilijua."

Alikunja karatasi zake polepole, akasimama. "Basi nenda ukapasome huko wanakohukumu."

Kamati ya usuluhishi ya ligi, ambako kijana alikuwa ameshapeleka malalamiko yake, ilikaa Chake Chake. Mfadhili alichelewa, na manukato yake yakatangulia mlangoni. Alizungumza kwa muda mrefu kuhusu vijana wa siku hizi wasiokuwa na shukrani. Alipomaliza nikaomba ruhusa, nikasema kwamba kifungu cha tisa sikuwasomea wachezaji. Niliambiwa nikiruke, nami nikakubali.

Mfadhili akacheka. "Mwalimu ana njaa huyu. Ulizeni nani amemnunua."

"Wewe," nilimwambia. "Hakuna mwengine."

Mwenyekiti, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama, akamsogezea mkataba. "Bwana, hebu tufasirie wewe kifungu chenyewe."

Akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Akapekua kurasa kama mtu anayetafuta bei. "Hayo ni mambo ya mwanasheria wangu," akasema mwisho.

"Na hapa ukurasa wa saba, hii timu ni ipi? Kijana huyu ni wa kwako au wa hawa?"

Mfadhili akautazama ukurasa ule kama ndiyo kwanza anauona. Hakuwahi kuusoma. Mtu yule aliwafunga vijana ishirini na tano kwa karatasi asiyoijua inasema nini, na mimi niliyeijua ndiye niliyemshikia kamba.

Kijana aliachiliwa siku hiyo hiyo. Viongozi wenzangu walinivua ukatibu wiki ile ile, si kwa kukificha kifungu, bali kwa kukitaja. Eti nimemfukuza mfadhili! Watu wazima na ndevu zao walimlilia mtu aliyekwisha kuwakimbia. Timu ikashuka daraja, na mpaka leo wananitaja mimi kuwa sababu.

Mfadhili nilikutana naye bandarini Mkoani mwaka uliofuata. Alinipa mkono kwa bashasha, akaniambia sasa anafikiria mpira wa kikapu. Akauliza hali ya "yule kipa wetu". Sikumsahihisha.

Beki yuko Unguja, anacheza, na mwaka huu amepewa unahodha. Mama yake hukutana nami sokoni. Nikimsalimu huitika salamu kamili, kwa kuwa dini inamtaka aitike, kisha huendelea kuchagua samaki wake.