Kanisa Lililohamishwa Jiwe kwa Jiwe

Ukitaka kumfurahisha rafiki yangu Wamuyu, muulize habari za kanisa letu. Mimi Achola nimeshakoma kumuuliza, maana hamalizi. Siku za kazi anatunza wazee kule Farsta, kitongoji cha mji huu wa ughaibuni tunakoishi. Jumamosi za kiangazi anasimama mlangoni pa kanisa la Waanglikana, huku karibu na maji, akipokea wageni. Na maringo! Utadhani lilijengwa na babu yake. Atakuonyesha vioo vya rangi, kisha atashusha sauti: “Kanisa hili halikuanzia hapa. Lilikuwa katikati ya mji. Mwaka 1913 wakalibomoa jiwe kwa jiwe, wakalileta, wakalijenga upya.” Wageni hushika mdomo, naye hufurahi siku nzima.

Mwaka 2008 akajifungua binti. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo mtoto akawa Wangari, na Wangari mkubwa, mama mkwe, akapanda ndege kutoka Nyeri kuja kumbeba wajina wake siku ya ubatizo. Wamuyu alilitamani jambo hilo tangu mimba. Mama yake mzazi alishafariki. Huyu ndiye mama aliyebaki.

Jumamosi, kesho yake ubatizo, tukampeleka bibi akalione kanisa, Wamuyu kampakata mtoto. Jamani, ulimi ukamponza! Akaimwaga hadithi yake yote. Bibi akasimama katikati ya viti.

“Limehamishwa?”

“Ndiyo, Mama. Jiwe kwa jiwe.”

“Kanisa si banda la kuku. Mahali palipobarikiwa hapang'olewi. Mjukuu wangu simbebi humu.”

Akatoka nje. Wamuyu machozi yakamlengalenga. Mimi nilipandwa na hasira, haki ya Mungu, lakini mama mkwe wa mwenzio utamwambia nini? Tukamfuata.

Tulimkuta nyuma ya kanisa, kiganja ukutani, akipapasa. Akatuambia, bila kugeuka, kwamba alipokuwa ameolewa tu, yeye na akina mama wenzake walibeba mawe mgongoni kutoka mtoni, kamba kwenye paji la uso, wakajenga kanisa la kijiji.

“Nchi hii imejaa mawe,” akasema. “Kwa nini hawakuchukua mengine?”

Wamuyu alijibu polepole. “Hawakutaka kuyaacha haya, Mama.”

Bibi akasema lile la kwao kamati ililibomoa mwaka juzi, wakajenga kubwa la matofali.

“Na mawe yenu, Mama?” nikauliza.

“Mzee wa kanisa alijengea zizi la nguruwe.”

Akajifuta uso kwa leso, akamgeukia mkwewe, akanyoosha mikono.

“Nipe wajina wangu. Kesho nitambeba mwenyewe.”