Posa Niliyoiharibu kwa Jina la Vikojozi

Aibu nyingine mtu unaizoea, lakini hii yangu nikiikumbuka masikio bado yanapata moto, na ninaisimulia mwenyewe kwa sababu nimeshaisikia ikisimuliwa na wengine pale mjini na wameitia chumvi, eti nilitoka mbio nikaacha viatu. Sikukimbia. Viatu nilivaa. Mengine yote ni kweli.

Mpwa wangu Idrisa, mtoto wa dada yangu Mwanaidi, alipata mchumba anayeitwa Rukia, mwalimu wa chekechea, binti wa watu wa Mapinga ambao asili yao ni hapa hapa Bagamoyo. Katika kutafuta mshenga wakanichagua mimi. Dada alinisindikiza mpaka mlangoni akaniambia, "Shabani, tunakutuma kwa sababu ya mdomo wako, na mdomo huo huo ndio unaotutia hofu. Peleka barua, sema maneno ya kiungwana, kunywa kahawa, rudi." Nikamwambia asiwe na wasiwasi (mimi fundi friji, naingia nyumba za watu kila siku, kuongea na watu ndiyo kazi yangu).

Tulikwenda Jumamosi baada ya alasiri, mimi na shemeji yangu Salehe, baba yake Idrisa, mtu anayeweza kumaliza siku nzima bila kutoa maneno kumi. Tukakaribishwa vizuri. Baba wa binti, Mzee Hamadi, mtu mrefu mwenye mikono mirefu, akapokea shikamoo zetu bila kutabasamu. Pembeni yake alikaa mdogo wake, Omari, huyo kidogo mchangamfu, na mama yao, Bibi Zena, alikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, tunamsikia akikohoa. Barua yetu ikapokelewa kwenye sinia, ikawekwa mezani bila kufunguliwa, kahawa ikaletwa na visheti. Kisha kimya.

Sasa mimi kimya sikiwezi. Nikatupa macho ukutani nikaona kalenda ya Mwamba, na kwa asiyejua, kwetu kuna timu mbili, Nanga na Mwamba, mimi ni Nanga tangu tumboni mwa mama, na Mwamba sisi tunawaita Vikojozi. Nikajiambia, Shabani, tupa utani mmoja tu, baraza ichangamke. Mmoja tu.

"Kumbe tumekuja kuoa kwa Vikojozi!" nikasema, nikacheka mwenyewe.

Omari alicheka kidogo, cheko la adabu. Mzee Hamadi aliweka kikombe chini. Hapo ningeomba radhi mambo yangeishia hapo, ila Omari akaniuliza, kwa upole kabisa, "Bwana mshenga, jina hilo unajua lilikotoka?"

"Nani asiyejua?"

"Basi ujue zilikuwa jezi mbichi. Timu ilikuwa na seti moja, ikafuliwa, haikukauka, vijana wakacheza nayo hivyo hivyo. Watu wakaona maji yanawachuruzika, wakazua hilo jina."

Nikatikisa kichwa kama hakimu. Nikamwambia hayo ya jezi mbichi waliyatunga baadaye kufunika aibu, ukweli ni kwamba fainali ile ya zamani, sisi na wao, ilifika penalti, na kwenye penalti ya mwisho kipa wa Mwamba alishikwa na woga mpaka haja ndogo ikamtoka mbele ya mji mzima, ikashuka mpaka kwenye soksi, mpira ukampita yeye akijishika kaptula. (Nikaonyesha na jinsi alivyojishika. Mungu anisamehe.)

"Ulikuwepo?" Omari akauliza. Cheko lilikuwa limeshamtoka.

Shemeji Salehe alinibana goti. Niliusikia ule mbano, nikauacha upite.

"Nilikuwepo," nikasema. "Nilisimama nyuma ya goli."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mwanangu, nyuma ya goli lipi?"

"Shikamoo, bibi. La upande wa barabarani."

"Marahaba. Na siku hiyo mlikuwa juani au kulikuwa na mawingu?"

"Juani, bibi! Jua la utosi, vumbi limetimka uwanja mzima."

Pazia likasogea, akatoka bibi mdogo wa umbo, kanga begani, akasimama pale pale mlangoni, hakutaka hata kiti.

"Siku ile mvua ilianza alfajiri ikakatika adhuhuri," alisema. "Vumbi hilo ulilionea wapi? Jezi nilizifua mimi kwa mikono hii. Jana yake walicheza kwenye tope. Nikaanika jikoni, kwenye kamba juu ya mafiga, hazikukauka. Mwanangu alikataa kuivaa, akaniambia mama, hii bado mbichi. Mimi ndiye niliyemwambia avae, itamkaukia mwilini."

Akamtazama Mzee Hamadi. Akarudi kunitazama mimi.

Jamani. Niliiangalia ile mikono mirefu juu ya magoti, na hapo ndipo nilipoelewa nimekaa mbele ya nani. Kisheti kilikuwa mdomoni, hakishuki wala hakitoki.

Mzee Hamadi hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sikucheza tena mpira. Nikipita sokoni watu wazima wanajishika kaptula, kama ulivyojishika wewe sasa hivi ndani ya nyumba yangu. Unadhani huku Mapinga nilifuata nini? Shamba?" Akasogeza kikombe pembeni. "Hebu niambie tena. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mzee. Nilikuwa Saadani kwa babu yangu. Nilikuwa darasa la tatu."

Aliinyanyua barua mezani, akaipita mikono yangu niliyoinyoosha, akampa Salehe. "Kijana wenu sina ubaya naye. Lakini maneno ya posa yameletwa na mtu anayeshuhudia asiyoyaona, nitayaaminije? Kwanza huyu aende huko alikoyaokota, aseme mbele ya watu kwamba hakuwepo. Kisha mlete mshenga mwingine."

Salehe alinipakia nyuma ya pikipiki yake, tukarudi, na tulipofika Kerege akapunguza mwendo akasema, "Mwanaidi utamwambia wewe." Nikamwambia. Dada alilia, na mimi nilitegemea matusi, matusi nimeyazoea. Idrisa yeye aliniuliza kitu kimoja tu: "Mjomba, unajua Rukia alikuwa jikoni? Amesikia yote."

Kesho yake nikaenda kwenye tawi letu la Nanga, Idrisa nyuma yangu na simu yake ya kurekodi. Wanaume kama thelathini, wanabishana usajili. Nikapanda kwenye benchi, nikasema mimi Shabani, ambaye miaka yote nawasimulia habari ya kipa wa Mwamba, sikuwepo uwanjani, sikuona chochote, na mama aliyefua zile jezi ameniambia zilikuwa mbichi.

Kelele zikalipuka. "Umehongwa!" "Shuka!" Mmoja aliyekuwa rafiki yangu wa kugawana chapati akanitupia ganda la muwa. Nikawa nashuka, ndipo Mzee Kibwana, aliyekuwa mtunza vifaa wa Nanga enzi hizo, akagonga fimbo yake kwenye bati la ukuta mpaka wakatulia.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Jezi zilikuwa mbichi, na tulijua. Mimi ndiye niliyepiga ukelele wa kwanza, 'Kikojozi!', nikiwa nyuma ya goli, ili nimvuruge yule kijana kabla ya penalti. Nikafanikiwa. Tukachukua kikombe." Akakaa.

Mnadhani waliamini? Nusu wakanyamaza, nusu wakasema mzee kumbukumbu zimemtoka, na mpaka leo ukipita pale utakuta wanabishana jina lilitoka wapi. Mimi sibishani. Nikiulizwa nasema sikuwepo, ninachukua begi langu la spana naondoka, na ushenga nimejiapiza hata aje kuoa mwanangu wa kumzaa, atafutiwe mtu mwingine.

Idrisa aliituma ile video Mapinga. Barua ikaenda tena wiki iliyofuata na mshenga mwingine, mwalimu wa madrasa, ikapokelewa, na ndoa ikafungwa. Siku ya ndoa nilikaa mkekani upande wa nyuma kabisa, nikala pilau yangu kimya, na watu walipoanza kutawanyika nikajikaza nikamfuata Mzee Hamadi alipokuwa akiagana na wageni.

"Shikamoo, mzee."

Alinitazama muda mrefu, mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuguna, na mimi mkono uko hewani.

"Marahaba," akasema. Mkono hakuupokea.

Sikumlaumu. Niliurudisha taratibu, nikaenda kutafuta viatu vyangu.