Vichupa vya Baba Yasser

Asubuhi ile Hadia alifungua friji atoe migebuka wa mchana, akakuta samaki wake wamehamishiwa kwenye beseni sakafuni, wameshaanza kulegea. Kwenye rafu yao vilikuwa vimekaa vichupa vidogo vya kioo, vimepangwa kwa adabu kama wageni wa heshima.

"Baba Yasser! Hebu njoo uniambie hii ni nini!"

Mumewe, Anuari, alitokea mlangoni na mswaki mdomoni. "Usiviguse, mama Yasser. Hiyo ni peptidi. Inataka baridi."

"Na samaki wangu wanataka nini, jua?"

Anuari alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga. Kuanzia Litapunga hadi Sibwesa, mashine ikigoma, walimtafuta yeye. Alikuwa akisimama nje ya banda, anasikiliza ngurumo, kisha anasema ugonjwa uko wapi kabla hajashika spana. Na alikuwa mtu wa maneno machache, jambo ambalo Hadia, aliyeshinda na kelele za wateja kwenye duka lake la vitenge pale mjini Mpanda, alilipenda kuliko yote. Sasa, ndevu zikiwa zimeshakuwa nyeupe, maneno yalikuwa yanamtoka kama gunia la mpunga lililochanika.

Yalianza baada ya kifo cha baba yake, mzee Halfani. Mzee yule miaka yake ya mwisho alisahau kila kitu. Alisahau njia ya msikitini, akasahau wanawe, na Hadia aliyekuwa akimwogesha akawa anamwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Walipomaliza matanga, Anuari alijifungia na simu. Alipoibuka, alikuwa msomi.

Hata dukani hakumwacha mtu apumue. Mteja akiingia tu, anadakwa.

"Dada yangu, unajua ndani ya seli zako kuna mashine? Zinaitwa mitokondria. Zinasaga chakula kiwe nguvu. Sasa, mashine hizi zina maelekezo yake zenyewe, zinatengeneza vipande vidogo vya protini. Ndiyo peptidi hizo. Kimoja kinaitwa humanini. Kinalinda ubongo! Tukizeeka kinapungua, ndiyo maana..."

"Kaka, mimi nimefuata kitenge cha njano."

"Ndiyo, lakini sikiliza."

Mteja hakusikiliza. Alikwenda kununua kitenge duka la pili, na Hadia akabaki anakunja kitambaa ambacho hakikuhitaji kukunjwa, maana asipofanya hivyo angemrushia mtu mita ya mbao ya kupimia.

Vichupa vyenyewe viliagizwa kwa kijana mmoja wa mtandaoni anayeitwa Kelvin, ambaye Anuari hakuwahi kumwona uso. Anuari alikuwa akijidunga mwenyewe tumboni, mlango umefungwa, halafu anatoka kifua mbele anauliza kama ameng'aa.

"Umeng'aa jasho," Hadia alimjibu.

Hayo yote angeyavumilia. Siku alipogeuza godoro ili alianike, akakuta vidonge vya presha vya mumewe vimejaa kwenye karatasi zake, havijaguswa, hapo uvumilivu ulimwishia.

"Hivi ni nini, baba Yasser?"

"Hivyo ni vya watu wanaozeeka. Mimi nimeanza kurudi nyuma."

"Unarudi nyuma uende wapi? Dokta alikuambia umeze kila siku!"

"Madokta wa huku hawajasikia habari za mitokondria."

Hadia alipiga simu kwa mtoto wao Yasser, aliyeko Dodoma. Yasser akacheka, akasema mwache mzee afurahi. Hadia akamkatia simu. Nyumba nzima ilikuwa imeamua kumtia wazimu.

Haikupita wiki. Anuari alikuwa amekaa dukani na kikombe cha chai, katikati ya hotuba, kikombe kikamtoka mkononi. Hadia aligeuka akiwa na maneno makali tayari, akayameza. Mdomo wa mumewe ulikuwa umekwenda upande, na alichokuwa anajaribu kusema hakikuwa maneno.

Aliita bajaji kwa sauti iliyofika sokoni. Lakini kabla ya kutoka alimtuma mtu nyumbani akachukue kichupa kimoja, maana alitaka ushahidi.

Hospitali walipokelewa na dokta Joséline, dada aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, mtu asiye na haraka. Presha ilikuwa juu mno. Kwa bahati, hadi alasiri mdomo ulikuwa umerudi mahali pake na ulimi ukafunguka. Dokta akasema kilikuwa kiharusi cha kupita, na kwamba kinachofuata huenda kisipite. Kisha akasoma maandishi madogo kwenye kichupa.

"Hapa wameandika ni ya utafiti wa maabara. Si ya kumpa mtu."

Hadia alikuwa ameisubiri saa hiyo. "Mwambie, dokta. Mwambie ni upuuzi, nisikie kwa masikio yangu."

Joséline alisita. "Mama, huo si upuuzi mtupu. Peptidi hizo zipo kweli. Mwili unazitengeneza wenyewe."

Anuari alijiinua kitandani kwa ushindi. Hadia alishika kichwa. Hata dokta!

"Tulia, baba, sijamaliza," dokta akasema. "Kwenye panya na kwenye seli za maabara zimeonekana kulinda ubongo. Kwa binadamu bado wanatafiti. Hakuna anayejua kama ukijidunga inakusaidia, na kilichomo humu hakuna aliyekipima. Lakini kuna peptidi nyingine zimeonekana kuongezeka mwilini mtu akitembea, akifanya kazi ya mwili. Na presha inaua mishipa ya ubongo. Hilo halina ubishi. Wewe ulikuwa unalinda mlango huku ukuta unabomoka."

Dokta alipotoka, Hadia alivuta pumzi amwage yote: samaki, wateja, godoro. Anuari akamtangulia.

"Kule Sibwesa, mwezi uliopita," alisema, akiangalia dari. "Nilishika beringi mkononi, nikasahau inaitwaje. Beringi, mama Yasser, kipuri ninachokishika kila siku. Wenye mashine wananiangalia. Nikamwona baba yangu."

Maneno makali yote ya Hadia yaliyeyuka, na hilo nalo lilimkera, kwa sababu alikuwa ameyaandaa vizuri.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Mimi si ndiye niliyemwogesha?"

"Ndiyo maana sikukuambia."

Hadia alimshika mkono ule uliodondosha kikombe, akaufinya mpaka mwenyewe akalalamika.

Kichupa kile kilibaki hospitali, vya kwenye friji navyo vikapelekwa, dokta akasema atajua pa kuviteketeza. Vidonge sasa Anuari anameza mbele ya mkewe, anafungua mdomo akaguliwe kama mtoto. Na kila asubuhi wanatembea pamoja kufuata reli kabla ya kufungua duka. Hadia aliamini kutembea kungempunguzia maneno. Wapi! Jana wamekutana na Deo, jirani yao, anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa, anahema.

"Deo ndugu yangu," Anuari akasimama, "unajua mitokondria zako sasa hivi zinafanya nini?"

"Zinasukuma mkaa," Hadia akajibu, akamvuta mumewe kwa kanzu. "Tembea!"