Bi Randa na Kisanduku cha Chapa

Kamati ya Ubora wa Kazi za Umma, baada ya vikao vitatu na chai katika kila kikao, iliutangazia umma mambo yafuatayo: kwamba kazi bora hutokana na kifaa bora, kwamba kifaa bora hujulikana kwa chapa yake, na kwamba, kwa sababu hiyo, hakuna karakana itakayopewa kazi ya umma ikiwa vifaa vyake vya umeme havina chapa inayotambulika. Tangazo lilipigwa mhuri mara mbili, maana mara ya kwanza wino ulikuwa hafifu. Mstari wa mwisho uliongeza kwamba Kamati haifanyi makosa katika masuala ya kitaalamu.

Mtu wa kwanza kulisoma mpaka mwisho alikuwa fundi seremala, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Randa. Alilisoma amesimama, maranda yamemganda kwenye kilemba, akasema, "Haya," kisha akarudi kazini. Wanaomjua wanasema "haya" yake si ya kukubali. Ni ya mtu anayefunga kibwebwe.

Kazi ya umma iliyokuwa ikingojewa ilikuwa milango arobaini ya zahanati mpya. Bi Randa hakuitaka yote kwa mapenzi sawa. Kulikuwa na mmoja aliokuwa akiuota. Katika zahanati ya zamani, mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa haufungi. Fremu ilishapinda na kitasa kilikuwa cha kuombea dua. Mtoto wake wa tatu alizaliwa huku mumewe, ambaye ni fundi cherehani na si mtu wa misuli, akiuzuia mlango kwa mgongo ili wapita njia wasije kutazama. Tangu siku hiyo Bi Randa alikuwa na neno moja kuhusu zahanati: "Ule mlango nitautengeneza mimi."

Tatizo lilikuwa vifaa vyake.

Katika duka la vifaa kuna rafu mbili. Ya juu ina mashine za kijani, kila moja na sanduku lake lenye sponji ndani, kama kito. Ya chini ina mashine za kijivu, zimerundikwa kama viazi, zenye majina yanayobadilika kila msimu ingawa mashine ni ile ile. Bi Randa alikuwa akiipita rafu ya juu kama mtu anayepita penye msiba: kwa heshima, bila kugusa. Drili moja ya kijani ilikuwa bei ya sita za kijivu.

Drili yake ya kwanza ya kijivu ilidumu siku nane, ikatoa moshi. Mwingine angeitupa na kusema rahisi ni ghali. Yeye aliifungua. Ndani alikuta grisi kidogo, kana kwamba mtu kaionja tu kwa kidole, na waya uliobanwa na skrubu isiyokazwa. Mota yenyewe haikuwa na kosa. Hapo akatunga utaratibu ambao hajauvunja tena: mashine mpya haigusi mbao kabla haijalala mezani na kufunguliwa. "Kwanza tusalimiane," huiambia. Huifuta, huitia grisi ya kutosha, hubadilisha waya, hukaza kila kitu. Kwenye kila kifuniko huwa kuna karatasi ndogo isemayo ukifungua, dhamana imekwisha. Yeye huibandua kwa ukucha na kusema, "Dhamana ni mimi."

Na alizipumzisha. Drili mbili zilifanya kazi kwa zamu: moja ikipata joto la paji la uso wa mgonjwa, inalazwa kwenye sakafu ya saruji, ya pili inashika. Kwa meno ya misumeno na ncha za drili hakubana mkono. Alinunua za rafu ya juu kabisa. "Mota inazungusha tu," alisema. "Anayekula mbao ni meno." Na msumeno mmoja wa kijivu ambao kinga ya meno yake ilikuwa hairudi mahali pake aliupasua kwa nyundo siku ile ile, mbele ya mafundi wake wawili, ili asije mtu akauonea huruma. "Nimenunua rahisi," akasema. "Sikuuza vidole."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na karakana ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyejulikana kwa jina la Orijino. Yeye alikuwa na seti nzima ya kijani ndani ya kabati la kioo. Haki isemwe: zilikuwa mashine nzuri. Zilinguruma kwa sauti ya chini kama mtu mwenye pesa, wala hazikutikisa mkono. Bi Randa mwenyewe alikiri hivyo bila kuulizwa. Lakini mbao za hapa zina misumari ya zamani na mchanga, na Orijino hakuwa na moyo wa kuikwaruza mashine ya bei ile. Kwa hiyo kila palipokuwa na kazi chafu, alivuka barabara.

"Shemeji, naomba ile drili yako, ile kifuu."

"Ya kwako inaumwa?"

"Haiumwi. Inapumzika."

"Ya kwangu ndiyo inayopumzika. Ya kwako imestaafu."

Jioni ya siku ya tangazo Orijino alivuka barabara bila kuomba kitu. Bi Randa alikuwa anafagia. Mumewe alikuwa kwenye cherehani yake kibarazani, anapindisha upindo wa suruali.

"Shemeji, umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Mkaguzi anakuja Alhamisi. Usijitie ujeuri. Nitakuletea seti yangu yote, unaipanga mezani, akishaondoka unanirudishia. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe huhesabiki. Wewe ndiye mwenye karakana."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, shemeji. Na haya yangu unayaonaje, madogo?"

Cherehani ikasimama. "Mimi simo," alisema mume, kisha ikaendelea.

"Kaka, mwambie!" Orijino akamgeukia. "Watamfuta kwenye daftari. Milango arobaini!"

Mume alikata uzi kwa meno. "Mke wangu, arobaini ni mingi."

"Ndiyo maana siwezi kuipata kwa uongo," alisema Bi Randa. "Mlango mmoja wa uongo ninaweza kuusahau. Arobaini nitakuwa nakutana nayo kila nikiugua."

Orijino aliondoka akitikisa kichwa, na kwa kuwa alikuwa ameshavuka barabara, aliomba ile kifuu.

Alhamisi mkaguzi alifika asubuhi. Alikuwa mwanamume mpole, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, mkononi ana ubao wenye fomu. Alianzia kwa Orijino, akatoka baada ya dakika kumi na uso wa mtu aliyeshiba. Kisha akavuka.

"Drili," alisoma. "Chapa?"

"Haina."

"Haiwezekani, mama. Kila kitu kina chapa. Hata ng'ombe."

"Ng'ombe anapigwa chapa ili asiibwe. Hii mwizi aliichukua, akairudisha."

Mkaguzi aliigeuza ile drili. Ubavu mmoja ulikuwa wa kijivu, mwingine wa buluu, swichi nyekundu. "Hii hasa ni ya nani?"

"Mota ya huyu, gia za yule, waya nilinunua kwa mita. Ni kama ukoo, kila mmoja katoka kwao. Lakini wanaelewana kuliko wa kwangu."

"Kisanduku cha chapa kikibaki wazi, alama ni sifuri. Sifuri ikiwa moja tu, karakana inaondolewa kwenye daftari."

"Kwani wewe unakagua kisanduku au mlango?"

"Nakagua fomu, mama," alisema mkaguzi, kwa unyenyekevu wa mtu anayesema kweli.

"Basi kaa hapo."

Alimwekea kigoda. Akachukua mbao mbili ngumu, akaanza kutengeneza kona ya fremu mbele yake: kupima, kukata, kutoboa. Drili ya kwanza ilipopata joto aliilaza sakafuni, akashika ya pili bila kutazama, kama mama anayehamisha mtoto ziwa. Ulimi wa ubao mmoja ukaingia kwenye tundu la mwingine kwa pigo moja la kiganja. Hakutumia gundi. Akamkabidhi.

Mkaguzi alitoa skwea yake ya kupimia pembe, akapima ndani, akapima nje. Akainua kona ile kwenye mwanga wa dirisha, mwanga haukupita. Mwishowe alichomoa fomu tupu kutoka kwenye ubao wake, akajaribu kuchomeka ncha ya karatasi kwenye kiungo. Karatasi ikagoma kuingia.

"Kazi sina neno," alisema polepole. "Lakini Kamati haitaiona hii. Itaona kisanduku. Nisaidie basi, mama. Hapa kwenye chapa niandike nini?"

Bi Randa alikuwa ameshawasha randa ya umeme, kwa kuwa kabati la mteja lilikuwa linangoja, na uvumilivu wake ulikuwa umeshafika kwenye fundo la mbao. Aligeuka nusu, akapaza sauti juu ya mngurumo:

"Chapa? Chapa kazi, baba! Waambie na wao wachape kazi!"

Mkaguzi alikuwa mtu aliyelelewa kuandika anachoambiwa. Aliinamisha kichwa, akaandika kwa herufi kubwa, neno moja, mwandiko mzuri: CHAPAKAZI.

"Na randa?" akauliza kwa sauti.

"Hivyo hivyo!"

"Na misumeno?"

"Hivyo hivyo, yote!"

Akajaza visanduku kumi na kimoja, akashukuru, akaenda zake. Kama alikuwa mjinga au muungwana, hajawahi kusema, na hajaulizwa.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Mume aliisoma kibarazani, na mafundi wote wawili wakaacha kazi kusikiliza. Karakana imefaulu. Milango arobaini imetolewa. "Kamati," alisoma, "imeridhishwa na uamuzi wenu wa kuwekeza katika vifaa vya Chapakazi."

Alirudia neno la mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea cherehani. Mafundi wakacheka. Orijino, aliyekuja kusikia habari, aliuliza Chapakazi ni ya nchi gani.

Bi Randa hakucheka. Aliichukua barua, akaikunja mara mbili.

"Nimefanywa mwongo, tena kwa mhuri."

"Unakwenda wapi?" mume akauliza, kicheko kimemkatika.

"Kusahihisha."

"Shemeji, umerogwa?" Orijino alimkingia njia kwa mikono miwili. "Ukisema haipo, wanakufuta leo leo. Ule mlango wako je, wa uzazi? Umeuimba miaka ishirini!"

Hapo alisimama. Kila mtu kibarazani alimwona akisimama. Aliitazama karakana yake, akamtazama mumewe, ambaye mgongo wake ndio uliokuwa mlango siku ile.

"Nenda," alisema mume. "Mimi bado nina mgongo."

Karani wa Kamati alikuwa mama mtu mzima, mezani kwake kuna mihuri mitano na kikombe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unasema hakuna chapa inayoitwa Chapakazi."

"Hakuna. Ni maneno yangu. Nilimwambia mkaguzi mchape kazi."

Karani alifungua faili, akapitisha kidole. "Ipo."

"Dada yangu, haipo."

"Hapa kwenye kumbukumbu za kikao, mjumbe mmoja amesema drili ya Chapakazi anayo nyumbani tangu zamani na haijawahi kumsumbua. Mwingine amesema ni imara, ila vipuri vyake adimu. Unataka niwaandikie kwamba hawana walichonacho?"

"Andika."

"Na barua hiyo nimpe nani, ikiwa Kamati haikosei?"

Bi Randa aliomba karatasi. Akaandika kwa mkono wake, kwa herufi nene za penseli ya useremala: *Vifaa vyangu havina chapa. Vifungueni mkitaka. Milango nitatengeneza.* Akatia sahihi. Karani aliisoma, kisha akachagua mhuri mmoja kati ya mitano, akagonga: IMEPOKELEWA. Nakala akampa. Hakuna aliyeijibu mpaka leo, na nakala hiyo imo ndani ya fremu ukutani kwa Bi Randa, fremu ambayo kwenye viungo vyake karatasi haipenyi.

Mlango wa kwanza kati ya arobaini ulikuwa wa chumba cha kujifungulia. Siku ya kuufunga, mumewe alitangulia kuusukuma kwa mgongo, kwa mazoea. Haukutikisika. Katikati ya kazi drili moja ya kijivu ilikufa kabisa. Bi Randa aliifungua, akachukua gia zake, akazitia kwenye drili nyingine. Orijino alitengeneza fremu nane kati ya zile arobaini kama msaidizi wake, akitumia kifuu, na kila jioni aliuliza kwa sauti ya chini Chapakazi zinauzwa duka gani.

"Mchagua jembe si mkulima, shemeji."

"Nimeuliza duka, sikuuliza methali."

Mwezi uliofuata Kamati ilibandika orodha iliyorekebishwa ya chapa zinazotambulika. Ya nne ni Chapakazi. Mbele yake, kwa wino mwekundu, imeandikwa: wazabuni wajihadhari na bandia.