Bolethe na Chusa cha Upande wa Kushoto

Neno linamkuta Bolethe Kruuse dukani, unga kwapani na pakiti ya kahawa mkononi.

"Kayaki ya Nuka wako imekamilika, ule mtumbwi mwembamba wa kuwindia," anaambiwa na muuzaji. "Jumamosi anakwenda kuwinda sili. Na chusa amekiweka kushoto. Anasema ndivyo wazee walivyofanya, kaona kwenye picha."

Bolethe analipa na kutoka. Kahawa anaisahau pale pale juu ya meza.

Mama huyu wa miaka hamsini na mbili anachapa picha za zamani za wawindaji katika karakana moja hapa Sisimiut, mji wa pwani yenye barafu. Vibao vya mbao anavyochapia vilichongwa na fundi wa pwani hii, zaidi ya karne moja iliyopita. Anapaka wino, analaza karatasi, anakandamiza, anabandua. Siku njema hutoa karatasi arobaini. Kwa mwezi hupata kroni elfu kumi na saba, na kwa hizo amemlea Nuka peke yake tangu binti huyo akiwa na miaka minne, miaka kumi na minane sasa.

Karatasi yake ya kwanza kutoka safi, mtu akirusha chusa kutoka kwenye kayaki, aliitundika juu ya kitanda cha mwanawe.

"Ningetundika maua," anasema, "leo nisingekuwa na presha."

Ana sababu ya kuogopa. Baba yake, mzee Nuka, alikuwa miongoni mwa wa mwisho kuwinda kwa kayaki hapa. Alipiga sili, sili akakimbia, kamba ya chusa ikamnasa kiwiko. Kayaki ilipatikana. Mwenyewe hakupatikana. Binti wa Bolethe alipozaliwa akapewa jina hilo, na mpaka leo, akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mama yake humwita baba, kama ilivyo desturi ya hapa kwa aliyerithi jina la marehemu.

"Baba nimeshampoteza mara moja," anasema Bolethe. "Mara ya pili siwezi."

Kinachomkera zaidi ni kwamba jibu analo tangu siku ya kwanza kazini. Ubao na karatasi hutazamana. Cha kulia kwenye ubao hutua kushoto kwenye karatasi. Fundi yule alichonga alichokiona, hakujisumbua kukigeuza.

"Nilifundishwa asubuhi moja, nikazoea, nikaacha kukiona. Sikumwambia mwanangu hata siku moja."

Anapitia karakana, anaufunga ubao wa picha ile kwenye aproni na kushuka ufukweni. Nuka yuko pale na mjomba wake, Enok, wanatafuna samaki mkavu.

"Mlinzi wa bahari amefika," anasema Enok. "Leo umetuletea nini, dada? Koti la tatu la kumvisha mwanao?"

Bolethe anaufungua ubao. "Baba, tazama. Chusa kiko mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na kwenye karatasi yako ya chumbani?"

"Wa kushoto," anasema Nuka. "Kwa hiyo miaka yote hiyo umewauzia watu wawindaji wa mashoto?"

"Nimewauzia. Sasa kigeuze."

"Mama, wewe hata kayaki hujawahi kuikalia."

"Sijaikalia. Waliokaa nawajua waliko."

Nuka anasema atajaribu kwanza hivyo hivyo, maji ya mapajani. Anaingia. Chusa kiko kushoto, ila mkono wake wenye nguvu ni wa kulia. Anaupitisha mbele ya mwili kukichukua, anarusha, na kamba inampita juu ya mapaja. Enok, ndani ya mabuti marefu, anaokota ncha ya chusa iliyofungwa kamba majini na kukimbia nayo kama sili aliyejeruhiwa.

Kamba inapanda, inashika kiwiko, inakaza. Kayaki inapinduka.

Nuka anaibuka akikohoa, nywele zimemganda usoni. Enok ameshaacha kucheka. Sura yake ni ya mtu aliyemwona mzee wake. Wote watatu wanaitazama ile kamba.

"Nipe ubao," anasema Nuka.

Anapanga upya kila kitu kwa kuufuata ubao: chusa kulia, kamba kutoka kwenye sinia inamokunjwa, mbele yake, moja kwa moja hadi kwenye boya la ngozi nyuma, bila kumgusa. Anarusha tena. Enok anakimbia. Kamba inateleza kama mate, boya linaruka majini, na Nuka ametulia pale alipo.

"Sili amechoka," anasema Enok, akihema. "Sili anataka kahawa."

"Kahawa iko dukani," anasema Bolethe. "Niliisahau kwa ajili yenu."

Jumamosi Nuka anatoka, Enok akimfuata kwa boti ya injini. Bolethe hamzuii tena. Sufuria kubwa ameshaisugua, maana nyama ya sili wa kwanza haikai ndani. Kila nyumba ya jirani itapata fungu lake.

Na yeye, ambaye hajawahi kuchonga kitu, ameanza kuchonga ubao wake wa kwanza, herufi kinyumenyume ili zisomeke vizuri. Anataka kila picha ya mwindaji itoke karakanani na karatasi hii nyuma yake:

Usipange kayaki kwa kufuata picha. Picha imegeuka.

Usiweke chusa mbali na mkono wako wenye nguvu.

Usipitishe kamba mapajani wala karibu na kiwiko.

Usijaribu mara ya kwanza kwenye kina.

Usitoke peke yako.

Nawe mzazi, usinyamazie unalolijua kwa kuwa umelizoea.