Saa Sikioni mwa Mama Moringe

Karatu ya miaka ile ilikuwa na fundi saa mmoja tu, Marijani, naye alilijua hilo vizuri, ndiyo maana alikuwa na maringo. Alikaa kwenye baraza ya duka la mume wangu Abbasi, kimeza chake upande huu, cherehani yangu upande ule. Mtu akileta saa, Marijani huiweka sikioni kwanza, akafumba macho, kisha akatangaza, "Hii umeiangusha," hata kama mwenyewe anaapa kwa mama yake mzazi. Mara nyingi alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi.

Mwaka 1981 vipuri havikupatikana. Sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, sembuse utumbo wa saa. Marijani alikusanya saa zilizokufa kwenye kopo la maziwa ya unga, akawa anachukua jino hapa, skrubu pale, anafufulia nyingine. Lakini siku moja mnadani akina mama wa Kimasai walizipenda kwa mapambo, naye kwa uroho wa asali akawabadilishia kopo zima. Nikamwambia, "Fundi, utajuta." Akaniambia nishone.

Wiki mbili baadaye akaja Sista Marsela, muuguzi wa zahanati moja huko Baray. Saa yake ya Uswisi, aliyoipata alipohitimu, ilikuwa inachelewa. Mshale wake wa sekunde ndio aliohesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa, na zahanati nzima haikuwa na saa nyingine.

"Isafishe tu, fundi," alisema. "Jumamosi naifuata."

Basi, Marijani ameifungua, upepo ukaleta lile vumbi letu jekundu, akapiga chafya. Kibano kikateleza. Kile kigurudumu kinachocheza mbele na nyuma, ambacho ndicho uhai wa saa, kikavunjika mhimili wake, chuma chembamba kama unywele. Niliona. Aliniangalia, nami nikaangalia sindano yangu.

Jumamosi Sista alipofika, Marijani akasema bila kupepesa, "Ilikuja imevunjika ndani, Sista. Uliiangusha."

Sista akatahayari. "Sikumbuki. Labda niliiangusha kweli. Basi nitahesabu kwa kukisia, Mungu atanisaidia."

Kulikuwa na watoto wenye homa ya mapafu kule Baray. Alipoondoka na kuiacha saa mezani, Marijani hakugusa chai yake. Mimi nilikasirika mpaka nikashona mkono wa gauni kinyumenyume.

Saa ya aina ile aliwahi kupata moja tu, iliyokatika utepe wa ndani unaoiendesha lakini kigurudumu chake kizima, nayo ilikwenda na kopo. Aliikumbuka vizuri: uso wake wa buluu ulipendwa na mama mmoja wa Piyaya, mke wa mzee Ngoitiko. Kesho yake akapanda lori la unga linalokwenda Loliondo, akavuka milima ya Ngorongoro juu ya magunia, meno yakigongana kwa baridi, kisha akatembea nusu siku. Yeye ambaye hata kwenda msikitini alilalamikia magoti!

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe, na kwa kuwa yanamwaibisha, nayaamini.

Saa aliikuta. Ilikuwa inaning'inia kwenye ndewe ya sikio la Mama Moringe, katikati ya shanga. Mzee Ngoitiko akatafsiri maneno ya mkewe.

"Anasema aliivaa siku Moringe wetu alipotahiriwa. Haivui mpaka kijana apone."

"Atapona lini, mzee wangu?"

"Akipona."

"Mimi nataka kidude cha ndani tu. Nje itabaki kama ilivyo."

Mama Moringe akafikiri, akasema neno, boma zima likacheka.

"Anasema kitoe hapo hapo ilipo."

Ndivyo fundi wa Karatu, na maringo yake yote, alivyopiga magoti kwenye samadi, lenzi jichoni, akafungua saa iliyo sikioni mwa mtu. Pumzi zake zilimtekenya Mama Moringe shingoni. Kila akicheka saa inayumba, Marijani anapiga kelele, "Mwambieni asicheke!" na hapo ndipo wanapocheka wote. Mara tatu kibano kilikosa. Mara ya nne alibana pumzi, mama naye akabana za kwake, kigurudumu kikatoka kizima. Akafunga mfuniko, akapewa maziwa, akanywa kibuyu kizima bila kuombwa mara mbili.

Alhamisi ya wiki ya pili Sista alikuja Karatu kuchukua dawa, akaikuta saa inatembea. Aliivaa, na kabla hata ya kushukuru akamshika Marijani mkono, vidole viwili kwenye mshipa, macho kwenye mshale wa sekunde.

Marijani akatazama chini. "Sista, hukuiangusha. Niliivunja mimi."

"Nyamaza, nahesabu."

Nikaacha kukanyaga cherehani. Dakika nzima ikapita, na kwangu ilikuwa ndefu kuliko safari ya Piyaya.

"Mia moja na kumi na mbili," akasema Sista. "Mengi mno hayo. Ulikuwa unasemaje?"

"Niliivunja mimi, nikakusingizia. Nisamehe, Sista."

Sista alimtazama sana. Mkono wa Marijani alikuwa bado ameushika. "Siku kumi na mbili, fundi, kila mtoto niliyemgusa nilijiona mzembe."

Marijani akaitikia kwa kichwa.

"Haya, umeshasema," akasema Sista. "Tulia, tuhesabu tena."

Akahesabu. Midomo yake ilikuwa ikienda polepole, na mabega ya Marijani yakaanza kushuka.

"Themanini na nne," akasema, akacheka, ndipo akauachia mkono.