Mchanga Aliourudisha Kilonzo

Wajukuu wangu husema nilisinzia juani. Mimi nawajibu: anayesinzia hapindui mchanga kwa miguu. Nilikuwa macho, na haya niliyaona mwenyewe, kule mtoni kwetu upande wa Masinga.

Sisi akina mama wa huku tulikuwa tunaanika mchanga. Usicheke. Tunautandaza kwenye turubai kama mahindi, tunaupindua, tunauchekecha, kisha lori linaupeleka karakana moja huko Athi River. Huko wako na mashine ya upepo inayoutapika kwa nguvu mpaka kutu yote itoke kwenye chuma. Mchanga mbichi huziba bomba, ndiyo maana lazima ukauke. Mjukuu wangu Mutua, wa binti yangu Mueni, ndiye aliyekuwa akishika bomba hilo, yeye na rafiki yake Kilonzo, wa Mbithe wa kule Tala.

Siku hiyo jua lilikuwa limesimama. Jirani yangu Nduku, ambaye kama wengine wote huniita Susu, yaani bibi, akanitania, "Susu, geuza ugali wako usiungue," akapanda nyumbani kuleta chai. Nikabaki peke yangu. Upepo hakuna, ndege hakuna. Mto mzima mkavu ulikuwa unameta, ungedhani unapumua. Niamini, hata miguu yangu sikuisikia.

Ndipo nikaona mtu anakuja kutoka juu ya mto, mweupe kama aliyemwagiwa unga. Alipokanyaga hapakubaki alama. Akasimama ukingoni mwa turubai, akainamisha mkono, na mchanga ukaanza kumiminika kutoka kwenye shati lake. Ulimiminika polepole, bila sauti, na haukuisha. Shati moja linabeba mchanga kiasi gani, wewe niambie?

Nikamtazama usoni nimtambue. Mimi sisahau mtu. Lakini uso ule ulikuwa umelika. Pua imebaki kidogo tu, macho ni vishimo laini, kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mto miaka mingi.

"Niite jina, Susu," akasema. "Limeanza kufutika."

Sauti ndiyo niliyoijua. "Kilonzo," nikasema. "Kilonzo wa Mbithe."

Na uso ukarudi! Haki ya Mungu, ukarudi pamoja na lile jino lake lililovunjika, akatabasamu.

"Unafanya nini huku, mwanangu?"

"Narudisha mchanga niliouvuta kifuani. Tulikunywa maziwa kila jioni, Susu. Maziwa huenda tumboni. Mwambie Mutua."

Mng'ao ukaniumiza macho, nikapepesa. Hakuwepo. Nduku aliporudi na chai aliuliza, "Ni nani amemwaga mchanga mwingine hapa?" Umesikia? Hata yeye aliuona. Tukaushika. Ulikuwa baridi, na jua lile lote.

Nikampigia Mutua simu. "Kilonzo hajambo?"

"Susu, nani amekuambia? Tulimzika wiki jana." Alikuwa amenificha, akijua nitamwita nyumbani. Na kweli nikamwita. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Hiki ni vumbi tu, Susu. Jioni nakunywa maziwa, linashuka."

"Maziwa huenda tumboni," nikamwambia.

Akasema kwa sauti ndogo, "Hayo aliniambia mimi peke yangu. Alikuwa kitandani, hata kichwa hawezi kuinua."

Mutua alirudi na nguo zake kabla ya Jumapili. Picha ya kifua chake hospitalini ilijaa vidoadoa vyeupe, kama mbingu ya Agosti usiku. Daktari alisema havitatoka. Asiongeze vingine, basi. Ule mchanga baridi hatukuupakia kwenye lori. Mbithe, mama yake Kilonzo, alikuja kutoka Tala, akauzika kwa mikono yake katikati ya mto, akaomba. Tangu hapo mimi sijaanika tena.

Siku hizi tukipanda kutoka mtoni, Mutua husimama njiani. Mimi najifanya nafunga leso, ili asione aibu kwamba bibi kizee ndiye anayemngoja.

Wewe uliye na mtoto kwenye kazi za vumbi, usimuulize analipwaje. Muulize wanatoa kutu kwenye chuma kwa kitu gani. Akisema ni mchanga, mwite nyumbani leo, akiwa bado anaweza kubishana na wewe bila kupumzika katikati ya neno.